Gambiti ya Budapest: namna ninavyowafundisha wanafunzi wangu kuijibu d4

"Mwalimu, wakianza na d4 mimi nakosa hewa." Aliniambia hivyo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, tukiwa kwenye basi tukirudi Morogoro kutoka mashindano ya sataranji Dar es Salaam. Alikuwa amecheza michezo mitano na kufungwa mitatu, na katika yote mitatu mpinzani alifungua kwa askari aliye mbele ya malkia. Nikamwomba karatasi zake za hatua. Kila mara alijibu d5, kisha e6, akamfungia askofu wake wa c8 nyuma ya askari wake mwenyewe, halafu akakaa kusubiri. Hakufanya kosa moja kubwa hata mara moja. Alibanwa taratibu mpaka akaishiwa hatua.

Tulipofika Chalinze, basi likiwa limesimama na wauza mahindi wamezunguka madirisha, nilitoa bodi yangu ndogo ya sumaku nikamwonyesha hatua mbili tu za Mweusi, zinazoanzisha Gambiti ya Budapest (gambiti ni kutoa askari kwa makusudi mwanzoni ili upate faida nyingine). Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza maswali kila Jumamosi chini ya mwembe wa nyuma ya darasa, na maandishi haya yametokana na majibu niliyompa. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayejua jinsi vipande vinavyotembea na ameshacheza michezo kadhaa, lakini d4 inamtia hofu.

Nitatumia herufi zilezile mnazoziona kwenye tovuti za sataranji za Lichess na Chess.com: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya mstari wima, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba ya mstari mlalo, 1 hadi 8 kutoka upande wake; nukta tatu baada ya namba ya hatua zina maana kuwa hatua ni ya Mweusi, na ! ni hatua nzuri. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti, na O-O ni kumficha mfalme upande mfupi. Soma ukiwa na bodi mbele yako. Ukisoma kwa macho tu utapotea kwenye hatua ya sita.

Hatua zenyewe ni hizi: 1.d4 Nf6 2.c4 e5.

Mwanafunzi wangu aliushika mkono wangu. "Mwalimu, umempa bure!" Ndiyo, askari wa e5 analiwa na hakuna anayemlinda. Wanafunzi wetu wengi wametoka kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo wakiona kipande kimekaa peke yake mkono unakwenda wenyewe. Mweupe naye atakula, 3.dxe5, na huko ndiko tunakomtaka. Tunajibu 3...Ng4, na farasi anamkodolea macho yule askari aliyekula. Tulichotoa ni mkopo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Mweupe sasa yuko kwenye harusi. Kuanzia hapa kazi yetu yote ni kudai, na kudai kwa mpangilio.

Jina limetoka mjini Budapest, Hungaria. Mchezo wa zamani unaojulikana wa gambiti hii ulichezwa huko mwaka 1896, Adler akiwa na weupe na Géza Maróczy akiwa na weusi. Kwa miaka mingi haikupewa uzito mpaka wachezaji wa Hungaria kama Gyula Breyer na István Abonyi walipoichambua kwa bidii. Kisha mwaka 1918, kwenye mashindano madogo ya watu wanne jijini Berlin, Milan Vidmar aliitumia dhidi ya Akiba Rubinstein, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zake, akamfunga. Vidmar alikuwa mhandisi wa umeme. Huwa nawaambia hilo wanafunzi wangu wa mchepuo wa sayansi, na naona wanavyokaa sawa kwenye viti vyao.

Kabla ya kukariri chochote, jiulize: kwa nini tunasubiri 2.c4? Kwa nini tusipige e5 hata Mweupe akicheza 2.Nf3? Jibu liko kwa askari wa c. Akishatoka c2 kwenda c4, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, askofu wetu akija b4 kutoa cheki, Mweupe hawezi tena kumsukuma askari c3 kuziba njia, bali lazima aweke kipande. Pili, mraba wa d3 umepoteza mlinzi mmoja. Askari wa c2 angeweza kula kitu kilichotua d3, na huyo wa c4 hawezi, maana askari harudi nyuma. Weka akilini huo mraba wa d3. Mweupe asipocheza c4, usijaribu gambiti hii. Dhidi ya 2.Nf3 farasi tayari anailinda e5, na wewe utakuwa umetupa askari bila kupata kitu.

Sasa hesabu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na siwezi kujizuia: karibu kila kitu hapa ni hesabu ya mraba mmoja, e5. Nani anaushambulia, nani anaulinda?

Njia ngumu kuliko zote kwetu ni 4.Bf4, aliyoicheza Rubinstein mwenyewe. Askofu anailinda e5. Tunajibu 4...Nc6, anajibu 5.Nf3. Hesabu: sisi tuna farasi wawili, yeye ana askofu na farasi. Mbili kwa mbili, deni halijalipika. Wanafunzi wengi hapa hukimbilia kumleta malkia e7. Wazo si baya, ila tangulia na cheki: 5...Bb4+. Cheki hii inamlazimisha Mweupe kuchagua, na kila chaguo lina bei yake.

Akiziba kwa 6.Nbd2, farasi wake anakaa d2 na kumfungia malkia wake mstari wa d. Hawezi tena kuruka d5 kuongeza mlinzi wa tatu. Sasa 6...Qe7 na hesabu ni tatu kwa mbili. Askari wa e5 anarudi kwetu, hana ujanja.

Akiziba kwa 6.Nc3, mstari wa d uko wazi. Tunakula 6...Bxc3+ 7.bxc3, tunacheza 7...Qe7, na yeye anajibu 8.Qd5. Tatu kwa tatu, askari anabaki wake. Lakini tazama bei aliyolipa: askari wawili wamepangana mstari wa c, wa c3 na wa c4, na huyo wa c4 hana askari mwenzake wa kumlinda kwa urahisi. Malkia wake naye yuko katikati ya bodi mapema mno. Tunajibu 8...f6! Akila 9.exf6, tunakula 9...Nxf6 na farasi anamgusa malkia. Akirudi 10.Qd3, usichelewe: cheza 10...d6. Askofu wake wa f4 sasa anaona hadi c7, na bila d6 utapoteza askari wa pili. Vidmar na Rubinstein walifika hapa hapa, kwa mpangilio tofauti kidogo wa hatua. Mweusi ana upungufu wa askari mmoja, ila vipande vyake vinatoka haraka, farasi wake wa f6 anaitazama e4, na yule askari wa c4 atasumbuliwa mchezo mzima na farasi akienda a5 na askofu akienda e6. Mwanafunzi wangu anaipenda sana njia hii. Mimi namwambia aicheze, ila akubali kwamba hapa deni linalipwa kwa kasi ya vipande, askari mwenyewe harudi.

Turudi kwenye 6.Nbd2 Qe7, kwa sababu ndipo mtego maarufu ulipo. Mweupe anaona askofu wetu b4 na anataka kumfukuza: 7.a3. Sisi hatumwondoi. Tunacheza 7...Ngxe5, tunachukua askari wetu na kumwacha askofu aliwe. Akimla, 8.axb4, ni 8...Nd3#. Ipange kwenye bodi uione kwa macho yako. Mfalme wa e1 amezungukwa na watu wake: malkia d1, farasi d2, askofu f1, askari e2 na f2. Farasi wetu wa d3 angeweza kuliwa na askari wa e2, lakini huyo amefungwa, maana akitoka tu malkia wetu wa e7 anamwona mfalme moja kwa moja. Na askari wa c, ambaye angeilinda d3 niliyokuambia uiweke akilini, hayupo tena c2. Unaitwa mtego wa Kieninger, kwa jina la Mjerumani Georg Kieninger.

Nina jambo la kukiri hapa. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nilianza na mtego huu, kwa sababu watoto wanashangilia. Matokeo yake nilipata kundi la wachezaji waliokuwa wakisubiri d3 kama mtu anayesubiri bahati nasibu. Kijana mmoja mwenye kipaji alikutana na Mweupe aliyejua: 8.Nxe5 Nxe5 9.e3. Askari wa e2 ameshasogea, kwa hiyo askofu wa f1 sasa anaiona d3. Kijana akacheza Nd3+ hivyo hivyo, mkono ukiwa umeshazoea, farasi akaliwa na askofu, na askofu wake wa b4 bado alikuwa anatishiwa. Alilia. Kosa lilikuwa langu, si lake. Nilimfundisha mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo.

Siku hizi nafundisha hivi: baada ya 9.e3 cheza 9...Bxd2+ 10.Qxd2, kisha d6 na umfiche mfalme. Mweupe ana maaskofu wawili na ubora kidogo. Wewe una farasi mzuri e5, huna askari aliyepungua, na mfalme wako yuko salama. Mtoto aliyetoka mchezo wa d4 akiwa hivi kwenye hatua ya kumi na mbili hajabanwa na mtu.

Mweupe makini hataki hata kupoteza muda kwa a3. Atacheza 7.e3, kisha 7...Ngxe5 8.Nxe5 Nxe5 9.Be2 O-O 10.O-O Bxd2 11.Qxd2 d6. Huu ndio msimamo wa kuujua kuliko mtego wowote, kwa sababu dhidi ya wachezaji wazuri utaufikia mara kwa mara. Mweupe atataka b4 na baadaye c5, kupasua upande wa malkia ili maaskofu wake wapate barabara. Kazi yako ni kumchelewesha. Askari wa b6 anaikaba c5. Askari wa a5 anaigonga b4. Askofu wako wa c8 anaweza kwenda b7 akaitazama g2. Farasi wa e5 ndiye mhimili: usimbadilishe bila sababu na usimwondoe kwa woga. Anamgusa askari wa c4, na Mweupe lazima amfikirie kila anapotaka kusukuma kitu. Mwaka 1992 kule Linares, Hispania, Nigel Short aliingia njia hii dhidi ya Anatoly Karpov, na Karpov akashinda. Utafute mchezo huo uucheze taratibu kwa mkono. Utaona maaskofu wawili mikononi mwa bingwa ni kitu gani, na utaacha kudhani kuwa gambiti hii ni dawa ya kila ugonjwa.

Njia ninayoipenda mimi mwenyewe ni ile inayotokea Mweupe akicheza 4.Nf3. Tunamtoa askofu upande mwingine: 4...Bc5, anaitazama f2 pamoja na farasi. Mweupe hana budi kucheza 5.e3. Na hapo mwanafunzi wangu aliona kitu kabla sijakisema. "Mwalimu, amejifungia askofu wake wa c1, kama mimi nilivyofanya." Ndivyo. Kibano kimehamia upande wa pili. Askofu wa c1 hawezi kufika f4 kuilinda e5, tunacheza 5...Nc6, na hesabu ni mbili kwa moja. Anaweza kuendelea 6.Be2 Ngxe5 7.Nxe5 Nxe5 8.O-O O-O 9.b3 Re8 10.Bb2.

Hapa cheza 10...a5. Watu wengi wanadhani ni kwa ajili ya kuzuia b4 tu. Ni kweli inazuia, na pia inampa askofu wa c5 maficho a7. Lakini tazama ngome ya a8. Mweupe akitoa farasi, 11.Nc3, sisi tunacheza 11...Ra6! Ngome inapanda ghorofa ya tatu kutoka kwetu, yaani mstari wa sita, na kupita kwa mlalo hadi g6 au h6, mbele ya mfalme wa Mweupe. Ndiyo sababu hatujacheza d6, wala b6, wala c6: askari mmoja tu kwenye mstari huo wa sita angeifungia ngome barabara. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa hatua hii na jirani yangu, fundi mstaafu wa reli ambaye ndiye aliyenifundisha sataranji, sikulala. Nilikuwa nimecheza miaka minane nikiamini ngome hutoka kwa mstari uliofunguka tu.

Ina hatari zake. Malkia mweupe akija d5 anamgusa askofu wa c5 na farasi wa e5 kwa pamoja, kwa hiyo uwe na jibu tayari: malkia wako e7, au askofu arudi a7. Na Mweupe akisukuma c5, mshazari wa askofu wake wa e2 unafunguka hadi a6. Ngome iondoke hapo mara moja kwenda g6 au h6, ambako ilikuwa inakwenda hata hivyo.

Zimebaki njia za pembeni. Kwenye 4.e4 Mweupe anamrudisha askari kwa hiari ili ashike katikati: 4...Nxe5 5.f4. Hapa nasisitiza 5...Nec6. Hatua ya 5...Ng6 inachezwa, lakini Alekhine, bingwa wa dunia wa baadaye, alimwonyesha mpinzani wake Rabinovich kule Baden-Baden, Ujerumani, mwaka 1925 nini kinampata farasi wa g6 pindi f5 inapomfukuza. Kutoka c6 farasi hasumbuliwi na askari wa f. Akicheza 6.Nf3 tunampeleka askofu c5. Kwa kuwa askari wa f ameshaondoka f2, askofu anaiona g1, na mfalme wa Mweupe hawezi kujificha upande mfupi. Atajaribu kumfuata askofu kwa farasi kupitia a4, basi usiache kumwandalia pa kukimbilia. Akicheza 6.Be3 kuuziba mshazari huo, toa cheki b4, leta malkia e7 na uikandamize e4. Askari wake wa katikati wanapendeza kwa macho, lakini kila mmoja anahitaji mlinzi.

Kwenye 4.e3 chukua askari wako, 4...Nxe5. Akicheza 5.Nh3 akitaka kwenda f4, jibu g6 na umweke askofu g7. Na kwenye 4.f4, ambayo utaikuta sana kwa wanaoanza, peleka askofu c5 upesi. Mweupe atalazimika kumpeleka farasi h3 kuiokoa f2, na wewe utajenga kwa Nc6, O-O na d6.

Kuna ndugu yake Budapest anayeitwa Fajarowicz, ambamo farasi huenda e4 badala ya g4: 3...Ne4. Ina mtego mtamu, 4.a3 d6 5.exd6 Bxd6 6.g3 na Mweupe amekwisha: 6...Nxf2 7.Kxf2 Bxg3+ na malkia wake wa d1 analiwa. Siifundishi kwa anayeanza. Kwenye Ng4 unaona unachodai na unaweza kukihesabu. Kwenye Ne4 askari wa e5 hajaguswa na mtu, na Mweupe akicheza kwa utulivu unabaki na deni ambalo hujui pa kulidai.

Namna ya kufanya mazoezi: usianze kwa kucheza michezo ya dakika tatu. Andika kwenye daftari misimamo mitatu tu, ule wa baada ya 11...d6, ule wa 10...d6 wenye askari wawili mstari wa c, na ule wa ngome kupanda a6. Panga kila mmoja kwenye bodi, cheza na mwenzako kuanzia hapo, kisha mbadilishane rangi. Kwenye kila hatua ya Mweusi taja kwa sauti hesabu ya e5: wangapi wanashambulia, wangapi wanalinda. Watu watawatazama. Msijali.

Jumamosi iliyopita nilipanga msimamo wa 11...d6 kwenye bodi yetu ya kadibodi na kumwambia mwanafunzi wangu achague upande. Nilitegemea weusi. Akazungusha bodi, akachukua weupe. "Nataka nijue wanachonitafutia," akasema, akasukuma b4. Tulicheza mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti, na bado kuna mmoja hatujamaliza. Nafasi ya vipande nimeiandika nyuma ya rejesta.